Mtoto wa dada amegoma kupiga window za kraki, nimrudishe kwao?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga mjini. Nina duka dogo la steshenari. Natoa kopi, naprinti, nafanya laminesheni, natengeneza kadi za michango na za harusi, nauza madaftari na kalamu. Hiyo ndiyo biashara anayoiona mtu akisimama mlangoni. Lakini kopi za mia mia hazilipi pango, Shangazi. Kinacholipa pango na ada za watoto ni kupiga window, yaani kuweka mfumo wa Windows unaoendesha kompyuta, kuweka Office, na kuwajazia watu nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi.

Kazi hizo anazifanya mtoto wa dada yangu. Dada yuko Muheza, na kijana alipomaliza kozi yake ya kompyuta alinikabidhi, akasema, "Mdogo wangu, huyu ni mwanao, mpe kazi." Na kweli nakaa naye kama niliyemzaa. Ana adabu, wateja wanampenda, hesabu ya jioni haijawahi kupungua hata mia.

Sasa kuna mwalimu mmoja wa sekondari alileta laptop yake, tukampigia window na kumwekea Office. Ni za kraki, kama wanavyofanya wote mtaani: unapakua bure mtandaoni, unaiwasha kwa kiprogramu cha kudanganyia leseni, mteja anakupa elfu kumi na tano anaondoka. Haikupita wiki akarudi. Mafaili yake yote yamebadilika majina, hayafunguki, na kila folda ina barua ya Kiingereza inayomtaka alipe dola ndipo afunguliwe. Humo mlikuwa na mitihani ya muhula na utafiti wake wa masters. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye benchi akauliza, "Sasa mimi nifanyeje?" Kijana wangu alijaribu kila alichokijua, ikashindikana.

Tangu siku ile mtoto amebadilika. Ijumaa alipotoka kuswali akaniambia, "Mama mdogo, mimi sipigi tena window ya kraki wala sijazi flashi. Kazi nyingine zote nitafanya, hata kufagia. Lakini huu ni wizi, na wizi ni wizi, hauna tofauti na kumpora mtu simu pale Tangamano." Nikamuuliza nani kamfundisha hayo. Akasema hakufundishwa na mtu, ameona mwenyewe.

Shangazi, mimi sijioni mwizi. Laptop zinazoletwa kwangu nyingi ni za mtumba, mtu kanunua laki tatu kwa kudunduliza. Window halali inauzwa bei ya laptop yenyewe. Nani atanunua? Makampuni hayo ni ya matajiri wa Marekani, hawajui hata kama Ngamiani ipo. Filamu ndiyo kabisa, nyingine hata uwe na hela huna pa kuinunua hapa. Na wasanii wa kwetu wanafurahi nyimbo zao zikisambaa. Kuna mama mmoja, mwimbaji wa taarab wa zamani, alipita dukani kujaziwa flashi, akazikuta nyimbo zake mwenyewe humo. Alicheka tu, akasema, "Kumbe bado nasikika." Akalipa elfu mbili yake akaenda. Hakulalamika.

Wateja wameanza kwenda duka la jirani. Mume wangu anasema nimrudishe mtoto Muheza nitafute kijana mwingine, wapo wengi. Naogopa dada ataniuliza kosa la mwanawe ni lipi, na mimi nitajibu nini? Kwamba amekataa kuiba? Na yule mwalimu nikikutana naye njiani nainamisha macho.

Nisaidie. Je, kweli huu ni wizi? Mtoto nimrudishe au nimlazimishe? Na mwalimu nimfanyie nini?

Mama wa Steshenari, Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Naanza na mwalimu, maana lake halingoji.

Mtafute leo, usisubiri mkutane njiani. Kilichompata kinajulikana. Kuna virusi vinavyofunga mafaili ya mtu kwa ufunguo wa siri, kisha vinadai kikombozi. Jamii moja kubwa ya virusi hivyo, inayoitwa STOP au Djvu, imeenea duniani hasa kwa kujificha ndani ya kraki na viprogramu vya kuwashia leseni, vitu vilevile mnavyopakua dukani kwako. Laptop yake sijaiona, kwa hiyo sitasema ndicho hicho, ila dalili ulizozieleza zinafanana nacho. Mwambie asilipe hata senti. Kama diski haijafomatiwa, isifomatiwe, na mafaili yaliyofungwa yahifadhiwe yote kama yalivyo kwenye diski ya pembeni. Halafu kijana wako aingie kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, yaani shirika la polisi la Ulaya, na makampuni ya usalama wa kompyuta. Unapeleka faili lililofungwa pamoja na ile barua ya vitisho, wanakutambulia kirusi na kukuonyesha kama kifungulio cha bure kipo.

Kwa jamii hiyo ya STOP, kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure mwaka 2019. Hakiwafai wote. Kirusi kikikosa mtandao wakati kinafunga mafaili, hutumia ufunguo wa akiba ulio mmoja kwa watu wengi, na funguo za namna hiyo nyingi zimeshapatikana. Kikipata mtandao, ufunguo unakuwa wa mashine ile peke yake, na hapo msaada ni mdogo sana. Kwa hiyo mjaribu, ila msimwahidi. Hata ikishindikana, diski itunzwe, kwani vifungulio vipya hutoka baadaye.

Matokeo yoyote yawayo, mrudishie elfu kumi na tano yake. Mitihani akiwa na nakala za karatasi, mchapie bure usiku na mchana mpaka iishe. Utafiti wake wa masters, muulize kama amewahi kumtumia msimamizi wake rasimu kwa baruapepe. Mara nyingi sura mbili tatu hupatikana huko. Ulimpa huduma, huduma ikamuunguza. Hapo hatuhitaji mjadala wa hakimiliki kujua nani anadaiwa.

Na hili ulieleze vizuri kwa mumeo anayesema vijana wapo wengi. Kijana mwingine atapakua kraki ileile. Wanaotengeneza vile viprogramu vya kudanganyia leseni hawafanyi sadaka, na kitu cha kwanza wanachokuambia ni uzime antivairasi ndipo kifanye kazi. Ukishaizima, umewafungulia mlango, na mlango huo ni wa nyumba ya mteja.

Sasa swali lako kubwa. Mwanao anasema ni sawasawa na kupora simu Tangamano. Moyo wake nauheshimu, lakini mfano wake mimi siupokei wote. Aliyeporwa simu anabaki mikono mitupu. Programu ikinakiliwa, aliyeitengeneza bado anayo. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, nchi yenye makampuni hayo, mwaka 1985 katika kesi ya Dowling ilikataa kuzihesabu nakala za muziki zisizo na ruhusa kuwa mali iliyoibwa. Ilisema anayevunja hakimiliki ana kosa la aina yake, lisilofanana moja kwa moja na wizi wa vitu. Nakwambia hili kwa sababu mtu akiitwa mwizi wa simu na yeye anajua hakupora simu, huishia kujitetea na kuacha kufikiri. Wewe barua yako nusu yake ni kujitetea.

Lakini kosa la aina yake ni kosa. Nchini kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda nyimbo, filamu, vitabu na programu za kompyuta pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inamtenga anayekiuka bila biashara na anayekiuka kwa biashara, na adhabu ya mwenye biashara ni nzito zaidi. Na kwa kuwa mwanao alikuja na neno hili akitokea kuswali, ujue pia kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, baraza la wanazuoni wa sheria ya dini, ilipokaa Kuwait Desemba 1988, iliamua kuwa haki za utunzi, za uvumbuzi na za jina la biashara ni za wenyewe, zina thamani ya mali, na haifai kuzivamia. Mtoto hakubuni dini yake.

Kuhusu bei, niko upande wako. Window 11 ya nyumbani inauzwa dola 139 kwa orodha ya kampuni yenyewe. Hizo ni zaidi ya laki tatu za Tanzania, na bei hiyo haikupangwa kwa kumfikiria mwalimu wa sekondari wa Tanga. Si haki, na wanaoipanga wanastahili kuambiwa hivyo. Mwanafunzi ambaye kitabu chake hakiuzwi popote nchini, akapata nakala yake kwenye simu, akasoma akafaulu, mimi siwezi kumweka kizimbani. Makala za kitaalamu ndiyo kabisa: mwandishi wake halipwi na jarida, na ukimwandikia mwenyewe kwa baruapepe mara nyingi ana ruhusa na furaha ya kukutumia. Mwalimu wako na masters yake aulize maktaba ya chuo chake kuhusu Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi kama yetu majarida hayo bure au kwa bei ndogo. Asipoteze pesa wala asizunguke kwenye tovuti za kichochoro.

Ila wewe, mwanangu, si huyo mwanafunzi. Wewe hukosi kitu. Wewe umekaa kati ya aliyetengeneza na anayehitaji, unampa huyu kazi ya yule, na pesa inabaki kwenye droo yako. Shida ya mteja wako ni ya kweli, lakini haikupi wewe haki ya kuuza kisicho chako. Hapo ndipo naona uzito wa jambo hili ulipo. Kupakua wanapakua wengi, na kila mmoja ana hesabu yake na nafsi yake. Kuuza ni jambo jingine.

Na hoja ya kwamba ni matajiri inateleza kuliko unavyodhani. Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, kampuni inayotengeneza Window na Office, alipoandika barua yake ya wazi ya kulalamikia wanaonakili programu yake, Februari 1976, alikuwa kijana wa miaka 20 na kampuni yake haijatimiza mwaka. Alisema chini ya asilimia kumi ya wenye kompyuta ile ya Altair ndio walionunua. Yeye alivuka akatajirika. Waliokata tamaa wakiwa na miaka 20 hatuwajui majina. Leo kuna vijana wa hapahapa nchini wanaotengeneza mifumo ya hesabu za maduka na ya matokeo ya shule. Ukinakiliwa mfumo wa mmoja wao kwenye maduka ya mtaa mzima, hana mawakili Marekani wala akiba ya kumshikilia. Anaacha, anatafuta kazi nyingine. Wewe na duka la jirani hamchagui nani wa kunakiliwa. Flashi haiulizi.

Nije kwa yule mama wa taarab. Umempa mistari michache katikati ya barua, ukapita. Mimi ndiye niliyeshindwa kumpita.

Amekuja dukani kwako. Amezikuta nyimbo zake. Amelipa elfu mbili kuzipata. Amekulipa wewe, mwanangu, kwa sauti yake mwenyewe. Kucheka kwake umekusoma kuwa ruhusa. Mtu mzima akikuta jambo kama hilo mbele ya vijana, afanye nini zaidi ya kucheka? Aanzishe ugomvi kwenye duka la watu kwa ajili ya elfu mbili? Neno lake mwenyewe lasema mengi: kumbe bado nasikika. Ina maana hakuwa anajua. Nyimbo zake zinachezwa majumbani na kwenye daladala, zinanunuliwa na kujazwa, na habari hiyo haikumfikia kwa njia yoyote, si ya heshima wala ya pesa.

Wewe ni wa Tanga, hupaswi kuambiwa na mtu taarab ni nini. Mji huu ndio uliotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na besi, mpaka Mombasa wakaufuata mtindo wetu. Na wewe unajua kwenye harusi mambo yanavyokwenda. Mwimbaji akishika ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo ananyanyuka na noti yake, anakwenda kwa madaha mpaka mbele, anamtunza. Haulizwi, halazimishwi. Anayekaa kitini kwake usiku mzima bila kumtunza mwimbaji hata kidogo, akiwa na uwezo, shoga zake watamsema wiki nzima. Adabu hiyo tumelelewa nayo. Mwimbaji anaondoka usiku na kitu mkononi hata kama mwenye harusi alimpunja.

Basi wimbo uleule ukiingia kwenye flashi, adabu inapotelea wapi? Wale wateja wako wanaotoa elfu mbili wamekuwa tayari kutoa. Wameshanyanyuka na noti. Wewe ndiye uliyeipokea njiani.

Hili linarekebishika, na kwako ni rahisi kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu mwenyewe yuko mjini na unamjua. Nenda kwake na mwanao, mwende na sukari na majani ya chai kama anavyotembelewa mtu mzima. Mwambieni kwamba nyimbo zake zinauzwa dukani na hamkumuomba idhini, na mnamuomba sasa. Akikataa, zifuteni siku hiyohiyo. Akikubali, mpatane fungu lake kwa kila flashi, muandike kwenye karatasi, yeye atie sahihi na awepo shahidi wa upande wake. Muwe na daftari la mauzo analoweza kuja kulikagua wakati wowote. Muulizeni pia aliimba chini ya kikundi gani na nani alirekodi, kwa sababu wimbo mmoja huwa na mtunzi wa maneno, wapigaji na mwenye kurekodi, na haki yake isije ikawa mmechukua ya mwenzake. Mwelekezeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, asajili kazi zake kama hajasajili. Sheria inailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake wajukuu zake wana fungu humo.

Akishakubali huyo, vikundi vya vijana vya kaswida na vya singeli vitakuja vyenyewe. Wao wanatafuta mahali pa kuuzia. Duka litakalosema mlangoni kwamba hapa msanii analipwa, Tanga nzima italijua. Nyimbo ambazo huwezi kumpata mwenyewe, ziache. Filamu za nje ziache pia, sina njia ya kukupendezesha hapo. Mapato ya muvi yatapungua na utayasikia mfukoni.

Kwenye kupiga window nina habari njema kidogo, na ninashangaa kama mwanao haijui. Laptop nyingi zilizotoka kiwandani na Window 8 au za baada yake, yaani kuanzia mwaka 2012, ufunguo wake wa leseni umeandikwa ndani ya ubao mama wa mashine. Aliyeinunua mara ya kwanza huko Ulaya au Dubai alishailipia. Mkichukua Window safi kutoka tovuti ya Microsoft, ambayo kuipakua ni bure, mkaweka toleo lilelile lililokuja na mashine, ikiunganishwa na mtandao mara nyingi inajiwasha yenyewe. Hakuna kraki, hakuna kuzima antivairasi. Kwa hiyo wapo wateja mliowawekea virusi ili kuiba kitu ambacho tayari kilikuwa chao. Kila mashine ikiingia, kitu cha kwanza akague hilo, na ujira wenu wa kuipiga mchukue kwa furaha, ni jasho lenu.

Mashine za zamani zaidi, au zile zisizokubali Window 11, muwe wakweli kwa mwenyewe. Window 10 Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Wekeni Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayokaa mahali pa Window, mfundisheni nusu saa. Mtu anayeandika barua na kuangalia video hatakosa kitu.

Na Office? LibreOffice, programu ya bure, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na leseni yake inakuruhusu kuiweka kwenye mashine elfu moja ukipenda na kutoza pesa ya kazi yako. Tena kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, bure, kutoka kwenye programu ileile iliyokuja kuzaa LibreOffice. Kwa kadi zako za michango kuna Inkscape na GIMP, programu za bure za kuchora na kupamba picha. Utachelewa mwezi wa kwanza kwa sababu mkono umezoea kwingine. Baada ya hapo kadi ni kadi. Mteja anayeng'ang'ania Word yenyewe, akiwa na mtandao anaweza kuitumia bure kwenye tovuti ya Microsoft kwa akaunti yake, na shule au chuo chake huenda kina mpango wa bure wa wanafunzi na walimu. Mwanao amsaidie kuulizia.

Wapo watakaokataa yote haya na kuvuka kwenda kwa jirani. Waache waende. Usimseme jirani, usimchongee. Wewe waeleze waliobaki kilichompata mwalimu, bila kumtaja.

Pengo la mapato ulizibe kwa kitu ambacho hukukitaja kabisa. Mji mzima unahangaika na maombi ya mtandaoni: mikopo ya elimu ya juu, Ajira Portal, maombi ya vyuo, usajili wa majina ya biashara BRELA, TIN. Wazazi wanalia foleni msimu wa mikopo ukifika. Kijana mwenye adabu, asiyeiba hata mia, mwenye kozi ya kompyuta, akakaa na mzazi mpaka fomu ikamilike bila kosa, hiyo ni kazi inayolipwa vizuri na inayorudisha mteja. Mwongezee na kuwawekea watu nakala za akiba za mafaili yao. Mwalimu angekuwa na nakala ya akiba, tusingekuwa tunaandikiana.

Sasa mtoto. Usimrudishe na usimlazimishe. Ukimlazimisha atakutii kwa sababu wewe ni mama yake mdogo, na siku atakapokuwa na duka lake atakumbuka kwamba siku aliyoona haki alinyamazishwa na mtu wake. Ukimrudisha, utakuwa umemfukuza mfanyakazi mwaminifu kwa uaminifu wake, kisha umtafute mwingine ambaye huna hakika na hesabu yake ya jioni. Alikuambia atafanya kazi nyingine zote, hata kufagia. Usimpe kufagia. Mpe dawati la maombi ya mtandaoni na mpe jukumu la kuamua programu gani inaingia kwenye mashine za wateja. Mshahara wake usiuguse. Mwombe pia na yeye akupe muda. Kuona mambo kwa siku moja ni kipawa cha vijana, na wewe una pango la kulipa mwisho wa mwezi. Mpatane kraki zinakoma leo, flashi za wasanii wa nje ya mji zinakwisha kabla ya mwezi kwisha.

Mumeo mwonyeshe hesabu kwenye karatasi: kinachotoka, kinachoingia, na fidia ya mwalimu ingekuwa kiasi gani kama angekwenda polisi. Kaa naye usiku watoto wakilala, siyo dukani mbele ya kijana.

Dada yako mpigie wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu wa sokoni. Mweleze kilichotokea kwa mwalimu, mweleze mwanawe alisema nini, na umwambie anabaki kwako.